Wenye Nyumba Waliokaa Nyuma

Dalali alipotupeleka kuona nyumba ya Najjera, mume wangu alibaki mbele akikagua madirisha, mimi nikazunguka nyuma kuangalia tangi la maji. Huko nikamkuta mama mmoja anaanika mashuka, amejifunga leso kifuani, povu limemfika viwikoni. Nikamsalimia, nikamuuliza kama yeye ndiye mtunzaji wa pale, na kama mwenye nyumba angefika siku hiyo. Alimaliza kubana shuka la mwisho, akajifuta mikono.

"Mwenyewe ni mimi, nnyabo," akasema kwa Kiganda cha adabu. "Karibuni ndani."

Niliona haya. Yeye akacheka kidogo, akasema si mimi wa kwanza kuuliza hivyo. Akatupeleka mlango wa mbele, akavua ndara kabla ya kukanyaga vigae, nasi tukavua viatu. Ilikuwa nyumba ya watu wakubwa: sebule mbili, vyumba vinne vya kulala, jiko lenye kabati za ukutani, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa. Kodi aliyotaja ilikuwa ya nyumba ndogo kuliko ile. Alitaka mpangaji asiyechelewa na asiyehama ovyo, hilo tu, na sharti moja: kodi iingie benki moja kwa moja, kwenye akaunti aliyotuandikia.

"Hata siku nikija mimi mwenyewe nikakuomba unipe mkononi," akaniambia, "usinipe."

Yeye, mumewe na binti zao wawili waliokuwa sekondari walikaa katika vyumba viwili vya uani, vile ambavyo Kampala watu huvijenga kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani. Sisi, mwalimu na mke wake mwenye duka la kuchapa, pamoja na mtoto wetu mmoja wa chekechea, tukahamia katika nyumba yao kubwa.

Mimi nilizaliwa kambi ya polisi. Baba yangu alitoka kaskazini, kama wengi wa askari wenzake, na katika safu zile za nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, Waacholi, Walugbara na Wateso walikutana katika Kiswahili. Mama yangu alijua kwa harufu tu jirani wa tatu amepika nini, na kwa mlio wa buti alijua afande gani amerudi amekasirika. Kambini kumchunguza mwenzio haikuwa tabia mbaya. Ndivyo watu walivyojua nani anaumwa na nani amelala njaa. Basi mtu uliyelelewa hivyo, unawekwaje mbele ya jambo kama lile ukae bila kuuliza?

Nilianza kwa majirani. Mama wa saluni alisema wale watu waliweka nadhiri kanisani ya kujishusha. Mwenye duka la pembeni alishikilia kwamba nyumba ni ya mwanamke mwingine wa yule bwana. Sikuamini hata mmoja wao, kwa sababu nilikuwa naona kwa macho yangu. Kila jioni mama mwenye nyumba aligonga, akaomba ruhusa ya kumwagilia maua ya barazani petu, maua aliyoyapanda yeye. Mumewe alitoka asubuhi na shati lililopigwa pasi. Na pale chumba cha kulia palikuwa na meza yao ya mvule, ambayo seremala aliiunda humo humo ndani kabla milango haijatiwa fremu, kwa hiyo haikuweza kutoka. Majira ya mitihani mabinti walikuja kuomba kusomea pale. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake.

Jibu nililipata kwenye usukani. Duka langu liko Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi. Tunachapa na kujalidi tasnifu, tunatoa fotokopi, tunapeleka kazi maofisini. Nilikuwa nimechoka kulipa dereva wa kigari chetu cha mizigo, nikaamua kujifunza mwenyewe. Gari la kujifunzia lenye herufi kubwa ya L juu ya paa lililala getini petu kila siku. Mwalimu wake alikuwa baba mwenye nyumba.

Somo la kwanza nilizima injini mbele ya malori, nikajitukana kwa Kiswahili. Akageuka kunitazama.

"Wewe ni mtoto wa kambi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, wa polisi. Yeye alikuwa mtoto wa mwanajeshi, amekulia katika kambi za miji mingi hata hazikumbuki zote. Tangu siku hiyo hatukusema lugha nyingine ndani ya gari lile. Nilipoona tumezoeana, siku moja tukiteremka kuelekea Kira, nikajipa moyo.

"Samahani kwa kuuliza, mzee. Kwa nini mnakaa nyuma?"

"Punguza gia kwanza. Kuna tuta."

Nikapunguza. Tukavuka tuta.

"Tulikopa nyumba kubwa kuliko mshahara," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, ngoja niseme vizuri. Tulikopa nyumba iliyoenea mshahara kabisa, bila kubakiza hata pa kupumulia. Halafu mshahara ukaondoka."

Alinisimulia kwa vipande, somo baada ya somo, macho yake barabarani. Alikuwa msimamizi wa maghala na magari katika mradi wa wafadhili wa nje, uliopeleka mbegu na chakula kaskazini. Walimlipa kwa dola. Yeye na mkewe walinunua kiwanja kwa akiba yao, wakachorewa ramani ya vyumba vitatu na sebule moja, wakaenda benki kuomba mkopo wa kujenga hicho tu. Ofisa aliyewapokea alikuwa kijana mpole, aliwaletea hata maji ya kunywa. Aliingiza mishahara yao yote miwili kwenye kompyuta, akageuza kioo wakaona. Walistahili kukopeshwa karibu mara mbili ya walichoomba.

"Alitupa habari ile kama daktari anayewaambia watu wamepata pacha," akasema. "Tukatoka pale tumeshikana mikono."

Waliporudi nyumbani, ramani ikaanza kukua. Kikaja chumba cha nne, ikaja sebule ya wageni, ikaja gereji ya magari mawili na wao wana gari moja. Mkopo wakauchukua kwa dola, maana riba yake ilikuwa ndogo kuliko ya shilingi, na kwa kuwa mshahara wake nao ulikuwa wa dola, hakuna aliyeona hatari. Kiwanja na nyumba vikawekwa rehani, hati ikaenda kulala benki.

Nilimuuliza kama waliifurahia nyumba walipohamia. Akafikiri mpaka tukafika njia panda.

"Tuliifurahia," akasema. "Ila hatukwenda tena kijijini Krismasi. Nauli yetu ilikuwa kwenye kuta."

Kisha wafadhili wakafunga mradi. Ukabaki mshahara wa mkewe, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali Nakasero, na huo ulikuwa wa shilingi. Kila mwisho wa mwezi mama alitoka ofisini akaenda duka la kubadilisha fedha, akanunua dola za kupeleka benki, na kila mwezi shilingi zile zile zikanunua dola pungufu. Wakakopa kwenye ushirika wa wafanyakazi ili kulipa benki. Wakakopa kwa mkopeshaji wa mtaani, wakamwachia kadi ya gari, ili kulipa ushirika. Gari likaenda. Benki ilipowapa notisi, mama ndiye aliyekwenda kuzungumza nao, wakakubali kuutandaza mkopo kwa miaka mingi zaidi, mradi nyumba ipangishwe na kodi iingie kwao bila kupita mkono wa mtu.

"Sasa, mzee," nikamuuliza, "huu mkopo ulizidi uwezo wenu lini? Siku gani hasa?"

Hakufikiri. "Siku mradi ulipofungwa."

Lakini swali lile lilinikaa. Nilikuwa nikijalidi tasnifu ya mtu huku nikijiuliza kama kweli kitu kinaweza kutozidi Jumatatu kikazidi Jumanne, na hakuna kilichobadilika ndani yake.

Nisingeliwaza sana kama lisingenihusu. Mwaka ule duka lilikwenda vizuri, na mume wangu, anayefundisha shule ya Old Kampala, alikuwa amechoka kukaa nyumba za kupanga. Siku moja akaja dukani dada mmoja nadhifu, anauza nyumba za mradi mpya, akaleta vipeperushi nimchapie. Vilitoka kwenye mashine bado vina joto, picha ya nyumba ya bati jekundu juu, mama na baba na watoto wanacheka chini. Alipokuwa akisubiri alitupia macho mashine zangu, akaniuliza maswali mawili matatu, akaniambia kwa duka hili na mshahara wa mwalimu, benki ingetupokea. Alitaja hata kiasi. Nilipomwambia mume wangu jioni, alichukua kipeperushi kimoja akakisoma mara mbili, kisha akaanza kunipangia nani angelala chumba gani.

Jumamosi iliyofuata nikaenda uani. Mama mwenye nyumba alikuwa akimenya matoke, akanisogezea kigoda. Kupitia mlango ulio wazi niliona makasha yamepangwa mpaka darini, na friji kubwa imesimama kati ya vitanda. Nikamweleza shida yangu, nikamuuliza swali lile lile nililomuuliza mumewe.

Kisu kikasimama. "Yeye alikwambia nini?"

"Alisema siku mradi ulipofungwa."

"Hapana," akasema taratibu. "Nyumba ilizidi kabla hatujachimba msingi. Tulimuuliza yule kijana tunaweza kukopa kiasi gani. Hilo si swali la kumuuliza anayeuza mkopo, kwa sababu atalijibu. Tungejiuliza sisi wenyewe: mmoja wetu akikosa kazi, huyu wa pili ataweza peke yake? Tungebaki na ramani yetu ya kwanza."

Nikamuuliza kama alimlaumu mumewe. Alisema sheria inataka mke akubali nyumba ya familia iwekwe rehani, naye alikubali kwa kalamu yake, hakuna aliyemshika mkono. "Nilikuwa nimeshachagua rangi ya jiko," akasema. Akarudi kumenya. Baadaye, bila mimi kuuliza, akaniambia sasa anataka waiuze, mumewe hataki kulisikia neno hilo. Bwana huyo aliamini kazi kama ile ya kwanza ingepatikana tena, alikuwa bado anatuma barua za maombi.

Wiki chache zilipita. Jioni moja mama akagonga mlango wa mbele, amevaa gomesi, vazi lake la heshima, akatuomba ruhusa kama mgeni. Ndugu wa pande zote mbili wangekuja Jumapili kuzungumza, na kule nyuma wazee hawana pa kukaa. Je, tungewaazima sebule? Mume wangu alijibu haraka kwamba bila shaka, na kwamba sisi tungeondoka tuwaachie nafasi. Nikamwambia atangulie na mtoto, maana wageni wale lazima mtu awapikie chai.

Walikaa kuizunguka meza ya mvule. Upande wa baba alikuja kaka yake mkubwa, mwanajeshi mstaafu, na binamu wawili. Upande wa mama alikuja shangazi yake na kaka yake mdogo. Hawakuwa na lugha ya mama moja, basi wakazungumza Kiswahili, kila mtu kwa namna yake, nami jikoni sikupoteza neno.

Kaka mkubwa alisema nyumba haiuzwi. Kijijini wanaijua, wameonyeshwa picha zake, na mtu akiuza nyumba yake wakiwa hai waliokula sherehe ya kuihamia, atasimama wapi kuzungumza? Yuko tayari kuuza ng'ombe, na ndugu wengine wachange. Binamu wakaitikia. Shangazi akauliza ng'ombe hao wangelipa miezi mingapi, na ikiisha hiyo ingefuata nini. Kaka mkubwa akarudia habari ya picha za kijijini. Yalizunguka hivyo mpaka chai ikapoa mezani, nikaenda kuibadilisha. Ndipo mama akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, cha kuokota sokoni na ofisini, lakini hakuna aliyemkatiza.

"Mimi nachoka," akasema. "Hii nyumba sisi nalinda kama askari ya zamu. Kulala ndani hatulali. Kama sisi nauza, bei mbaya tutakataa. Kama benki nauza, nani atakataa?"

Nikasimama na birika mkononi. Mumewe alikuwa ameinua uso, anatazama zile taa zilizofichwa darini, na nadhani alikuwa akimkumbuka fundi aliyeziweka, au siku walipoziwasha mara ya kwanza. Kisha akamwomba mkewe ampe mpaka muhula wa shule uishe, kazi isipopatikana, wauze. Mkewe akasema sawa. Kaka mkubwa akavaa kofia yake, akatoka kusimama barazani, lakini hakuondoka. Alibaki mpaka chakula.

Kazi haikupatikana. Walikwenda benki wenyewe kabla ya kuitwa, wakaomba muda wa kutafuta mnunuzi, wakapewa. Mthamini akaja, akapima vyumba huku mwanangu akimfuata nyuma. Wanunuzi wakaja pia, wengine wakitaja bei za dharau, maana mtu akiona mwenye nyumba anatokea uani hujua pa kumkamatia. Mama aliwashukuru akawasindikiza getini.

Mwishowe wakaja mume na mke kutoka Kongo ya mashariki, wafanyabiashara wa vitenge, wameishi Kampala miaka mingi. Yule mama wa Kikongo alifungua kila bomba, akagonga kila ukuta, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu kwa nini wenyewe wanalala nyuma. Nilidhani baba mwenye nyumba angezungusha maneno. Akamwambia ukweli wote, kwa ufupi, kama alivyoniambia mimi barabarani. Yule mama akapitisha kiganja kwenye ukingo wa meza.

"Yetu ya kule tuliiacha," akasema. "Hatukupata hata wa kuuliza bei."

Walikubaliana kwa bei ambayo pande zote mbili zililalamikia, kwa hiyo nadhani ilikuwa ya haki. Benki ikachukua yake, hati ikatoka. Ushirika ukalipwa, na mkopeshaji wa mtaani. Kilichobaki hakikuwa kingi, lakini kilitosha kiwanja kidogo njia ya Gayaza na vyumba viwili vya matofali. Meza ilibaki mahali pake, ikahesabiwa ndani ya bei. Sisi tulipewa muda wa kutosha, tukahamia nyumba ndogo ya kupanga Kyaliwajjala, ambako kitanda chetu kiligoma kupita mlangoni tukakikata miguu.

Na sisi je? Tuligombana, si kidogo. Mume wangu alisema nimewasikiliza watu walioungua mpaka naogopa hata jiko lililozimika. Nikamwomba tufanye jambo moja tu: tuhesabu kana kwamba duka limefungwa, umebaki mshahara wa mwalimu peke yake, kisha tuone tungeweza kurejesha kiasi gani bila kujinyima chakula. Alihesabu mwenyewe, kwenye mgongo wa karatasi iliyoharibika dukani. Kiasi kilikuwa kidogo hata akacheka. Hicho ndicho tulichokwenda kuomba, kikatosha kiwanja tu. Ofisa wa mikopo, tena mtu wa heshima, alitueleza kwa upole kwamba tunastahili zaidi ya hapo, mara kadhaa zaidi. Nikamuuliza yeye amejenga wapi. Akatabasamu, akasema bado amepanga nyumba, Ntinda.

Mume wangu husema kwa mwendo huu tutaingia nyumba yetu tukitembelea mikongojo. Huenda yuko sahihi. Viwanja vinapanda bei, na zile nyumba za vipeperushi zilikwisha zote. Huwa napita mbele yake nikipeleka kazi, naona mapazia, baiskeli za watoto, magari yanaoshwa. Napunguza mwendo kutazama madirisha. Najiuliza nani humo ndani alibakiza pa kupumulia na nani hakubakiza. Kwa nje nyumba zote zinafanana.

Mwezi uliopita tulikwenda Gayaza kuwaona. Nyumba haijapigwa lipu, na njia ya kufika ni ya matope, lakini wamezungushia ua wa miti na mama amepanda viazi vitamu mpaka ukutani. Binti mkubwa yuko chuo, mdogo yuko sekondari bado. Baba angali anafundisha udereva. Alipoona jinsi nilivyoegesha gari alinisahihisha kabla ya kunisalimia. Tulikula barazani, matoke na mchuzi wa karanga, mume wangu na mama wakabishana juu ya bei ya saruji.

Nilimuuliza mama kama huipitia ile nyumba ya Najjera. Alisema alipita mara moja, akaona Mkongo amepaka geti rangi ya bluu, rangi ambayo yeye asingeichagua.

"Uliumia?"

"Nilipita tu," akasema. "Nilikuwa nawahi sokoni."

Nikataka kumgeukia mumewe nimuulize na yeye, maana bado kuna mengi sijaelewa. Lakini alikuwa amelala kitini, kichwa nyuma, mdomo wazi, sahani imesahauliwa mapajani. Mama akaichukua polepole asimwamshe.

"Kule hata usiku alikuwa hapati usingizi. Siku hizi analala mchana," akaniambia kwa sauti ya chini, na akaingia ndani kututafutia chai.